Bata wa Auma na Maji Baridi

Mtaa mzima wa Kuze, Mombasa, ulijua kwamba Bi Mwanakuu hapendi ndege. Paka aliwavumilia, kwa kuwa paka wa Mji wa Kale hawamuombi mtu ruhusa. Mbuzi wa jirani aliwahi kumsamehe pindo la leso lililotafunwa. Lakini kuku walimchosha kwa kelele, na kunguru aligombana nao tangu alipoingia nyumba ile akiwa bi harusi. Basi asubuhi aliyosimama mlangoni pake Auma wa Tononoka, amekumbatia sanduku la majani ya chai linalolia ndani, majirani walitoa vichwa madirishani wapate kuona litakalotokea.

Halikutokea lolote la kutazamwa. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na saba, baada ya mambo ya Likoni, watu wa bara waliposhambuliwa na kuambiwa warudi kwao, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mwanamke wa bara amevaa viatu vya safari siku ya kazi. Vituo vya mabasi vilijaa magodoro. Barnabas, mume wa Auma, alikuwa ametangulia kwao Kisumu na watoto. Auma alibaki nyuma kufunga nyumba, na alipokwisha kufunga kila kinachofungika alibaki na kisichofungika: vifaranga kumi na mmoja wa bata, mama yao ameibwa hata manyoya yao hayajakauka.

Wanawake hawa walijuana hospitalini, waume zao walipolazwa vitanda vya jirani. Wa Auma aliinuka. Wa Bi Mwanakuu hakuinuka. Auma angeweza kumchukua mtu wake mzima akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu, lakini siku ya arobaini alitokea Kuze na kikapu cha mayai ya bata, akaketi mkekani na wenyeji kama mmoja wa wafiwa. Tangu hapo kila Jumamosi alikuja, na kila Jumamosi alikuja na mayai. Bi Mwanakuu hakuwa na hamu nayo hata kidogo. Alikuwa akimgawia Mwanaesha, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, na wiki ifuatayo kumwambia Auma yalikuwa matamu kushinda yale ya kwanza.

Siku ile ya sanduku Auma alisema haraka haraka, mguu mmoja ndani na mmoja barazani. Sanduku lilikuwa na waya na globu ya kuwapa joto, na maranda ya mbao chini yao. Kazi kubwa, alisema, ni maji. Kifaranga wa bata akila pasipo maji kando yake husakamwa. Sahani iwe fupi lakini si fupi mno, maana lazima wazamishe mdomo mpaka juu ya pua, la sivyo chakula kitawaziba. Na wasiingie wakaoga. Kifaranga aliyelelewa na mamaye hupata mafuta ya mama manyoyani, lakini hawa mayatima wakilowa huganda. Kwa hivyo atie kokoto katika sahani, wapate nafasi ya mdomo wakose nafasi ya mwili. Na maranda yakilowa yatolewe.

Bi Mwanakuu aliitikia kila neno kama mtoto wa chuoni. Auma alikwisha kugeuka, kisha akarudi.

"Na jambo moja, mama. Maji baridi usiwape. Maji baridi yatawaua."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

Hapa inafaa tusimame, ingawa basi la Auma halikusimama.

Kwa Auma, maji baridi ni maji yaliyopoa, basi. Ukiyaweka juani yanaacha kuwa baridi. Lakini Bi Mwanakuu alizaliwa katika nyumba yenye kisima uani ambacho hakuna aliyewahi kukinywa, na kwake yeye maji ya dunia yalikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na ya chumvi, ya kisimani, ya kufulia na kuoshea samaki. Na kulikuwa na maji baridi, yale ya kunywa, yanayokuja kwa mfereji siku ambayo mfereji umetaka, na siku nyingine zote, ambazo miaka ile ndizo zilikuwa nyingi, yanakuja kwa mkokoteni wa Dzoro. Joto halikuwa na neno hapo. Ungemwambia Bi Mwanakuu akuchemshie maji baridi, angeyachemsha, na angeona umesema sawasawa kabisa.

Kwa hivyo alichosikia ni kwamba bata hawa wasipewe maji ya kunywa. Alishangaa kidogo, kisha akajijibu mwenyewe. Auma amemsimulia mara nyingi habari za ziwa la kwao, kubwa, ng'ambo haionekani, lina mawimbi na mashua na samaki. Bi Mwanakuu ana miaka sitini anatazama maji yasiyoonekana ng'ambo, na hajapata kuona yaliyo matamu. Bata wa kina Auma, basi, ni bata wa chumvi. Alifunga kamba kwenye ndoo akaenda kisimani, moyo mweupe.

Mwanaesha alikuja jioni kutazama. Alikaa, akasifu globu, akasema mwenziwe ameachiwa mzigo, kwani watu wanaokwenda na magodoro yao hawarudi. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetabiri mvua. Bi Mwanakuu akamjibu kwamba mtu asiyerudi haachi amana nyuma.

"Atarudi kwa ajili ya bata?" akauliza Mwanaesha.

"Kwa ajili ya bata."

Alilisema kwa ubishi tu. Lakini neno likishatoka mdomoni hukaa ndani ya nyumba na mtu, na Bi Mwanakuu alikuwa akikaa peke yake. Kufikia kesho yake alishaliamini. Hao kumi na mmoja wakiwa hai, Auma ana njia ya kurudi Mombasa. Wakifa, ana sababu gani? Mayai ya kuleta hana, nyumba amefunga, na watu wanaomwambia asirudi ni wengi kuliko wanaomwambia arudi.

Basi akawatunza kama anayetunza macho yake. Alichagua kokoto moja moja, akaziosha. Alikuwa akichutama kando ya sanduku, magoti yanamlaumu, akitazama kama kila mdomo umezama mpaka juu ya pua. Aliwapa chenga za wali. Maranda yakilowa aliyatoa kwa mkono, yeye ambaye kinyesi cha kunguru humtilia nuksi siku nzima. Na maji hayakukauka sahanini hata mara moja. Maji ya kisima yana uvuguvugu wake, kwa hiyo Bi Mwanakuu, pasipo kujua, alikuwa akilitimiza barabara lile alilotaka Auma. Kwa kulitimiza lile alilodhani Auma ametaka, ndiko alikokuwa akiwaua.

Mmoja tu alimshinda. Alikuwa mdogo kupita wenziwe, ana doa jeusi juu ya jicho, na hakuna ubao uliomzuia. Kila alipotoroka alikwenda mahali pale pale: ukumbini, chini ya mtungi wa udongo. Mtungi huo wa maji ya kunywa ulisimama juu ya kigoda, ukitoka jasho, na jasho likidondoka katika kibakuli. Huyo akichutama hapo akidaka matone. Bi Mwanakuu akamwita Mtoro. Alimfukuza kwa ncha ya leso, akamuonya kwamba hayo amekatazwa na mwenyewe, akambeba akamrudisha kwenye chumvi pamoja na wenziwe. Ikawa ndiyo kazi yao, yeye na Mtoro, asubuhi na jioni.

Baada ya muda wale wengine walianza kunywa kama walioajiriwa kunywa. Walimaliza sahani wakailia. Bi Mwanakuu alifurahi kwanza. Kisha akaona kwamba kiu haiwaishi, ila kila wakinywa inazidi, na kinyesi chao kimekuwa maji matupu, na maranda hayakauki hata akibadilisha mara ngapi. Akachota zaidi, maana mwenye kiu hupewa maji. Kisha wakaanza kupepesuka.

Dzoro ndiye aliyewakuta hivyo. Alikuwa mtu wa utani, Dzoro, mikono imekomaa kwa mkokoteni lakini ulimi laini. Alitua madumu, akainama juu ya sanduku, akatazama kwa muda bata mmoja anayetembea upande upande kama anayetafuta mlango wa nyumba yake.

"Mama," akasema, "hawa umewapa mnazi?"

Bi Mwanakuu alimkemea kwa kutaja ulevi ndani ya nyumba ya watu wanaosali. Dzoro akaomba radhi, akasema basi wapewe angalau maji haya aliyoleta, labda ni tumbo. Akaambiwa hayo ni mwiko kwao. Mwiko wa nani? Wa mwenyewe. Dzoro alikwenda zake akisema amebeba maji nyumba nyingi za Mombasa, zenye waganga na zenye masheikh, lakini hajapata kuona bata mwenye masharti.

Wa kwanza alikufa asubuhi moja, amelala chali, miguu ikipiga hewa kama anaogelea. Bi Mwanakuu alimzika uani, mahali pasipoonekana kwa Mwanaesha. Walipokufa wawili siku moja hakuficha tena. Aliketi chini kando ya sanduku, mgongo ukutani, na Mwanaesha akaja akaketi naye, na kwa uungwana wake hakusema neno juu ya wasiorudi.

Ilikuwa adhuhuri. Bi Mwanakuu amekwisha kusali, akaenda mtungini kunywa, kata imejaa mkononi, akasikia kitu kinamgusa vidole vya mguu. Ni Mtoro. Siku hizo alikuwa hamfukuzi tena kwa nguvu, huzuni ilimpunguzia bidii. Akamtazama. Ndiye aliyekuwa mdogo, sasa ndiye mkubwa. Kifua kimejaa, macho yanang'aa, anatembea kwa kiburi cha mwenye nyumba. Wenziwe, waliokula chenga zile zile na kulala maranda yale yale, wanapepesuka.

Alikaa na ile kata mkononi bila kuinywa. Maji ndiyo yaliyowatenga, aliliona jambo hilo wazi kama anavyoona kucha zake. Lakini amri je? Hata tone, alisema Auma, naye alisema ndiyo. Kama mtu amekuachia mtoto, akakwambia asile kitu fulani, wewe ni nani wa kumlisha? Na akifa kwa kile alichokatazwa utasimama vipi mbele ya mamaye? Wakifa kwa utiifu atakuwa na la kujibu. Wakifa kwa uasi hatakuwa nalo. Alilipima hilo, na akaona aibu, kwa kuwa alitambua anachotafuta ni la kujibu. Auma hakumwachia maneno. Amemwachia bata.

Akaimwaga sahani uani. Akachota mtungini, akajaza mpaka juu ya kokoto.

"Nisamehe, mwanangu," akasema, kana kwamba Auma yupo.

Walikunywa wakajikunyata. Maji ya mtungini ni ya kupoza koo za watu wazima, si matumbo ya vitoto vilivyokwisha nguvu. Walirundikana chini ya globu wakitetemeka, na mmoja, aliyekuwa hoi tangu asubuhi, hakulifikia giza. Hapo Bi Mwanakuu alikaribia kurudi kisimani. Neno la Auma limetimia: maji baridi yatawaua, na tazama, yameua. Alishika hata kamba ya ndoo. Lakini Mtoro alikuwa kando ya kibakuli chake, mnene, anadaka matone, na hakuna hoja iliyomshinda huyo. Bi Mwanakuu akaiacha kamba.

Asubuhi hakuwa na nguvu za kubeba dumu mpaka ukumbini. Aliliacha uani pale lilipotuliwa na Dzoro, jua likalipiga, na alipohitaji maji ya sahani akachota hapo hapo kwa uvivu. Hakuona maana yoyote katika hilo. Aliona tu kwamba leo hawatetemeki. Siku iliyofuata akafanya vile vile, kwa ushirikina wa mtu ambaye jambo limemwendea vizuri na hataki kuligusa. Kiu yao ikapungua. Maranda yakakaa makavu. Wakaanza kupigania chenga, na siku walipoanza kumsukuma Mtoro wakamnyang'anya mahali pake sahanini, Bi Mwanakuu alicheka peke yake nyumba nzima.

Walibaki saba.

Wiki zikapita, na Auma hakuonekana. Bata wakaota manyoya, wakatoka sandukuni wakautwaa ua. Mwanaesha aliacha kutabiri. Bi Mwanakuu hakuacha kungoja, ila sasa kungoja kwake kulikuwa na hofu yake. Akija, itabidi aambiwe.

Alikuja siku ya Jumamosi, kama kawaida yake, isipokuwa mikono mitupu. Alipiga hodi, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na wakashikana mikono muda mrefu pale mlangoni, wakiulizana habari za safari na za watoto na za Barnabas, na kila habari ikiwa njema, alhamdulillahi, hata zile ambazo hazikuwa. Amekonda. Nyumba ya Tononoka amepitia, ina watu wengine ndani, na pazia lake lile lile dirishani. Alilisema hilo kwa kicheko kifupi. Kisha akauliza kuhusu bata.

Bi Mwanakuu alimpeleka uani. Auma akawatazama, midomo ikihesabu.

"Nimelivunja neno lako, mwanangu," akasema Bi Mwanakuu. "Niliwapa maji baridi."

Auma alikaa juu ya kizingiti. Akasema kwa upole, maana ni mtu wa heshima, kwamba alimwambia mama yatawaua.

"Uliniambia. Nikakutii mpaka wakafa watatu. Ndipo nikaacha ya chumvi nikawapa baridi."

"Ya chumvi?"

"Ya kisimani. Kama ulivyotaka."

"Mimi nilitaka chumvi, mama?"

Bi Mwanakuu, aliyeanza kuhisi kwamba ardhi imesogea, alikwenda akaleta kata mbili, moja ya kisimani na moja ya dumu la uani, akaziweka mbele ya Auma kama shahidi anayeleta vyombo. Hii chumvi, akasema. Hii baridi. Auma alitia mkono katika ile iliyoitwa baridi. Ilikuwa na moto wa jua. Akaonja ile nyingine, akatema.

"Hayo si ndiyo ya ziwani kwenu?" akauliza Bi Mwanakuu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea.

"Mama, ziwa letu tunalinywa."

"Lote?"

"Lote."

Bi Mwanakuu alilifikiria hilo. Maji yasiyoonekana ng'ambo, yana mawimbi, yana mashua, na yote ni ya kunywa. "Na kina Dzoro huko," akauliza, "wanauza nini?"

Hapo ndipo Auma alipocheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na Mwanaesha akatoa kichwa dirishani kujua ni nani aliyerudi. Bi Mwanakuu hakucheka. Alikuwa akiitazama pembe ya ua ambapo udongo ulikuwa umechimbwa. Wanne wamekwenda kwa sababu ya neno moja, wala neno lenyewe halikuwa la uongo katika kinywa cha yeyote. Akasema hivyo, kwa sauti ndogo. Akasema amana ni amana, na yeye amerudisha pungufu.

Auma alifuta macho. Alimsikiliza Mtoro akigombana na wenziwe.

"Kule nyumbani kila aliyeniuliza ninarudi Mombasa kufanya nini," akasema, "nilimwambia nina bata Kuze. Walinicheka, mama. Na mimi sikuwa na jibu jingine."

Bi Mwanakuu akakaa kizingitini naye. Hakumwambia kwamba na yeye hakuwa na jibu jingine. Alimuuliza atalala wapi, na Auma alipoanza kutaja binamu wa mumewe, anayekaa mahali fulani karibu na bandari, na chumba chenye watu wengi, akamkatiza akamwambia kitanda cha marehemu kina godoro, na bata hawajazoea kuhamahama.

Asubuhi Dzoro alipita akiita. Bi Mwanakuu alikuwa jikoni, na kabla hajafika dirishani akasikia mtu amemtangulia mlangoni, akimwambia Dzoro kwa lafudhi ya ziwani alete madumu mawili ya maji baridi. Dzoro akauliza kama ni ya watu au ya wale wenye masharti. Ya wote, akajibiwa, na ayatue palipo na jua.

Bi Mwanakuu alisimama kidogo na birika mkononi, kisha akageuka kurudi jikoni. Ukumbini Mtoro alikuwa chini ya mtungi. Ana sahani yake nje, ana ua mzima, na bado anadaka matone. Alimruka kwa uangalifu, asimkanyage.